Pia haikatai kuanguka

Pia ya mpera ikiwa kwenye sementi ina sauti yake, unaisikia hata ukiwa jikoni unachambua mchicha, inanguruma kama nyuki aliyenasa kwenye kopo, afu ikianza kuchoka sauti inageuka inakuwa ya kukwaruza, na hapo ndo mwenye pia anakimbilia kiboko aichape kabla haijaanguka. Likizo hii ya Juni hapa kwetu Ujiji nimeisikia kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Kaka yangu kamchongea mwanae pia mbili, kazipigilia msumari kwa chini, akaukata kichwa akausugua kwenye jiwe mpaka ncha ikawa ya mviringo, na kiboko ni kijiti kilichofungwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mtoto yuko darasa la sita, amechukua jina la marehemu baba yetu, kwahiyo mi namwita baba tu.

Siku hiyo akaja mlangoni na pia mkononi, magoti yote vumbi, akaniuliza: "Shangazi, kwanini ikilala haianguki, afu ikianza kuyumba inazungusha kichwa kwanza ndo ianguke? Si ingeanguka tu moja kwa moja?"

Kwa asiyejua lugha ya wachezaji, pia "imelala" maana yake imesimama wima kabisa, inazunguka kasi mpaka unaiona kama imeganda, haitingishiki. Ndo hali nzuri kuliko zote.

Mi nafundisha fizikia sekondari na hilo swali nimekaa nalo tangu nikiwa mwanafunzi. Niliwahi kumuuliza mwalimu wangu mmoja akanijibu "haianguki kwa sababu inazunguka", akaandika fomula ubaoni, tukanakili, tukakariri, mtihani ukapita. Lakini hilo sio jibu, hilo ni swali limerudishwa kwako likiwa limevaa shati jingine. Dunia inaivuta pia inayozunguka sawasawa na inavyoivuta pia iliyotupwa chini ya kitanda, hakuna punguzo hata chembe, sasa huko kuvutwa kunaenda wapi? Jibu ambalo nimekuja kulielewa ukubwani, na ndo lililonifanya niandike leo, ni kwamba pia haikatai kuanguka. Inaanguka. Inaanguka kila sekunde, ila anguko lake linaishia pembeni badala ya chini, na ukiangalia vizuri utaliona hilo anguko kwa macho yako, ndo kale kakutikisa kichwa kadogo ambako watu wengi hawakatilii maanani.

Nikamwambia baba, weka pia, twende kwa fundi.

Fundi baiskeli wetu anakaa chini ya mwembe hatua chache kutoka barabarani. Nikamsalimia, nikamwomba rimu ya mbele ya Phoenix iliyokuwa imetoka kufungwa tairi jipya, na kipande cha kamba. Akasema "chukua mwalimu, ila gololi nimezitia grisi sasa hivi, usije ukaziangushia mchangani." Tukafunga kamba kwenye tawi, ncha ya chini tukaifunga kwenye ekseli upande mmoja tu, karibu na nati. Ukiachia rimu hivyohivyo bila kuizungusha, kila mtu anajua, inabwagika inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Sasa nikaishika ekseli ikae mlalo, rimu imesimama wima kama iko kwenye baiskeli, baba akaipiga piga tairi kwa kiganja mpaka ikakolea, nikaachia mkono.

Haikubwagika. Ikabaki imesimama hewani, imeshikwa upande mmoja tu na kamba, na taratiiibu ikaanza kuzunguka kuifuata kamba, kama mlango unaofunguka bila kufika mwisho. Fundi aliacha kuziba pancha akasimama. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya mawese kichwani akasimama naye.

Huko kuzunguka taratibu ndo wanaita presesheni. Sasa sikiliza kwanini kunatokea, na naomba usiruke hapa maana ndo penyewe. Rimu ikitaka kuanguka, juu yake inasukumwa kwenda nje, mbali na kamba, na chini yake inasukumwa kuelekea kwenye kamba. Sasa chukua kipande kimoja cha tairi, tuseme pale kwenye valvu. Valvu ikiwa nusu ya juu inasukumwa kwenda nje, lakini haijatulia pale, iko mbioni, kwahiyo msukumo inaoupata huko juu unakusanyika njiani na unakuja kuonekana wote valvu ikishafika ubavuni, robo mzunguko mbele. Na kila kipande cha tairi kinafanyiwa hivyohivyo kwa zamu. Matokeo yake ubavu mmoja wa rimu unakwenda nje, ubavu wa pili unarudi ndani, yaani rimu inageuka kama mlango. Ilitaka kuanguka chini, ikageuka pembeni.

Sasa chukua sheria hiyohiyo uitumie mara ya pili. Rimu imeshaanza kugeuka kama mlango, maana yake ubavuni inasukumwa nje, na vipande vinavyosukumwa ubavuni vinakuja kuuonyesha huo msukumo robo mzunguko mbele, ambako ni chini. Chini ikienda nje na juu ikirudi ndani, rimu inainuka! Yaani kuanguka kunazaa kwenda pembeni, na kwenda pembeni kunazaa kuinuka. Ndo maana inaanza kushuka kidogo, inashika mwendo wa pembeni, mwendo wa pembeni unaisimamisha isishuke na kuipandisha mpaka ilipoanzia, ikifika pale mwendo wa pembeni umekwisha, inaanza tena kushuka. Shuka panda, shuka panda, huku inasonga. Huko kuitikia kwa kichwa ndo nutesheni.

Na hiyo kushuka sio mapambo. Rimu ikizunguka kuifuata kamba ina nishati ambayo haikuwa nayo wakati naachia mkono, imeitoa wapi? Imeitoa kwenye kushuka. Imelipia mwendo wake kwa kupoteza kimo kidogo. Nilivyoelewa hapo mara ya kwanza, nilikuwa peke yangu chumbani na daftari, nilinyanyuka nikatembea tembea maana nilishindwa kukaa.

Rimu ikiwa kasi huwezi kuona nutesheni vizuri, unaona kama kamtetemo. Nikarekodi kwa simu kwa silomosheni na kuhesabu valvu inapita mara ngapi. Mizunguko 3 kwa sekunde, ekseli ikashuka kama digrii 1 tu na kuitikia mara 5 au 6 kwa sekunde. Tukaacha ipoe, tukaanza upya na mzunguko 1 kwa sekunde, hapo sasa kila mtu aliona, inashuka karibu digrii 10, inapanda, inashuka, haifikishi mara 2 kwa sekunde, kama mzee anayesinzia kwenye kiti. Ukipunguza kasi nusu, kina cha kushuka kinakuwa mara nne na wepesi wa kuitikia unapungua nusu. Ndo maana pia yenye kasi kubwa inaonekana imetulia, nutesheni ipo ila imekuwa ndogo na ya haraka mpaka jicho limeshindwa kuikamata, na msuguano unaila unaimaliza kabisa, inabaki presesheni laini na ekseli iliyoshuka kidogo chini ya pale ulipoiachia.

Baba akauliza swali zuri, akasema shangazi mbona ikichoka ndo inazunguka kamba haraka? Na ni kweli. Raundi ya kwanza sekunde 15, ya pili 13, ya tatu 11. Kila rimu inavyopoteza kasi yake ya ndani ndivyo presesheni inavyoongezeka. Hesabu yake nyepesi mno: kasi ya presesheni ni msokoto wa uzito, yaani ile nguvu ya uzito inayotaka kuipindua rimu, ukigawanya kwa momentamu ya mzunguko, yaani ukubwa wa huo mzunguko wenyewe, na momentamu ndo ile inayopungua chini ya mstari, kwahiyo jibu linakua. Tukapima kwa rula, kutoka kamba mpaka katikati ya rimu sentimeta 7, kutoka katikati mpaka kwenye tairi sentimeta 32, nikamwambia baba angalia, uzito uko juu ya mstari na uko chini ya mstari, unajikata, rimu ya kilo 2 na rimu ya kilo 20 zenye vipimo sawa zitaenda sawasawa. Kwa mizunguko 3 kwa sekunde hesabu inatoa sekunde 17 na kitu, sisi tulipata 15. Fundi ndo aliyeijua sababu kabla yangu, akasema "mwalimu umehesabu kama uzito wote uko kwenye tairi, hapo katikati kuna habu na gololi na spoku." Kabisa. Chuma cha katikati kinavutwa chini kama kingine lakini kwenye mzunguko hakichangii karibu chochote, kwahiyo msokoto unakuwa mkubwa kuliko nilivyokadiria na rimu inawahi. Nikafurahi sana.

Afu tukajaribu namna ya kuachia, na hapa nashauri mwenye rimu na kamba asiache kujaribu. Ukiachia tu kimya kimya, ncha ya ekseli inachora njia yenye vichongo, kila ikifika juu inasimama nukta moja halafu inashuka. Ukiachia huku umeisukuma kidogo kwenda mbele, kule inakoelekea yenyewe, inachora mawimbi laini, na ukipatia nguvu yenyewe hasa, haiitikii kabisa, inateleza moja kwa moja, maana umeilipia mwendo wake kwa mkono wako na haina haja ya kushuka kuutafuta. Ukiisukuma kinyume, inachora vitanzi, inarudi nyuma kidogo, inajizungusha, inasonga, inarudi tena. Mitindo hiyo imo kwenye hesabu za mwanahisabati Lagrange za mwaka 1788 za pia iliyolingana pande zote, na pale mwembeni tulikuwa tunaiona kwenye rimu ya baiskeli ya kubebea ndizi.

Nikisema iliyolingana pande zote namaanisha kweli, maana pia ikichongwa kombo hesabu inakuwa ngumu ajabu. Mwanahisabati Euler alikuwa ameshatatua kitu kinachozunguka bila uzito kukisokota, Lagrange akatatua pia ya kawaida, afu watu wakakwama miaka 100 mpaka 1888 mwanamke Mrusi, Sofia Kovalevskaya, akapata aina moja zaidi ya pia inayotatulika. Kwao vyuo vikuu vilikuwa havimpokei mwanamke, akaenda kusoma Ujerumani, akaja kufundisha Stockholm, na Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilivyoona kazi yake ikapandisha zawadi kutoka faranga 3,000 mpaka 5,000. Wasichana wangu wa kidato cha nne nawaambia habari hii kila mwaka.

Turudi kwenye pia. Pia ni ileile rimu, tofauti ni kwamba sehemu iliyoshikwa ni ncha ya msumari na uzito uko juu yake badala ya pembeni. Ikiwa kasi ya kutosha inalala, na hiyo "kasi ya kutosha" ina mpaka kabisa, chini ya mpaka huo kusimama wima hakuwezekani tena, hata pumzi inaiangusha kwenye presesheni. Pia fupi nene mpaka wake uko chini, inalala muda mrefu. Pia ndefu nyembamba mpaka uko juu. Kaka hajasoma hayo popote lakini anachonga pia pana mabegani na fupi mguuni, nilimuuliza akasema ndivyo alivyofundishwa na baba.

Na ile ncha ya mviringo ina kazi yake. Ukiitupa pia imeinama, mara nyingi inajiinua yenyewe mpaka ikalala, watu wanashangaa inapandaje bila kuinuliwa. Ncha ya mviringo ikiwa imeinama inagusa sementi kwa ubavu wake, inasuguana na kuteleza, na msuguano huo ndo unaosokota mhimili kuelekea juu, pia inatoa kwenye kasi yake inanunua kimo. Ncha kali kama sindano haifanyi hivyo vizuri, tena inachimba shimo, mwenye nyumba anakugombeza.

Mwisho, kasi ikishapungua, presesheni inakua, kuitikia kunakuwa kukubwa na kuzito, ubavu unagusa sementi, basi. Ndo jibu la "kwanini inazungusha kichwa kwanza".

Lakini baba hakuridhika, na mimi pia nilikuwa na kitu nataka kumwonyesha. Kesho yake nikamwamsha saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, huku kwetu Juni saa hizo bado giza. Zilikuwa siku za giza la mwezi, upande wa ziwa taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zinarudi ufukweni moja moja. Nikamgeuza aangalie nyuma, kwenye vilima, mashariki. Kilimia kilikuwa kimeshapanda, kale kafungu ka nyota ndogo zilizobanana. Jina lenyewe limetoka kwenye kulima, wazee walikuwa wanakitazama kujua majira.

Nikamwambia dunia hii tuliyosimama juu yake ni pia. Imeinama digrii 23 na nusu hivi, na sio duara kamili, imetuna tumboni, kutoka katikati mpaka ikweta ni kilomita 6,378 na mpaka ncha za dunia ni 6,357. Hizo kilomita 21 za kitambi ndo mwezi na jua wanazishika kuzivuta, mwezi kama theluthi mbili na jua theluthi moja, na wao wanataka kuinyoosha dunia isimame wima, sio kuiangusha, kwahiyo presesheni ya dunia inaenda kinyume na mzunguko wake wakati ya pia yako inaenda upande uleule. Raundi moja ni karibu miaka 26,000. Hipparchus, Mgiriki wa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliigundua kwa kulinganisha sehemu ya nyota moja na vipimo vya watu waliomtangulia kwa miaka kama 150, akaona imesogea digrii 2 hivi. Sababu akaja kuieleza Newton mwaka 1687. Ile nyota ya kaskazini inayoongoza mabaharia, ambayo sisi huku digrii 5 kusini mwa ikweta haituchomozei, haikuwa yenyewe wakati Wamisri wanajenga mapiramidi, ilikuwa nyota nyingine, Thuban.

"Na kuitikia je, dunia inaitikia?"

Inaitikia. Muingereza James Bradley alipima nyota kadhaa kwa darubini miaka karibu 20, maana mwezi nao njia yake inayumba na inachukua miaka 18.6 kurudi ilipoanza, akataka aone raundi nzima kabla hajafungua mdomo, akatangaza mwaka 1748. Alichokiona ni dunia kutikisa kichwa kwa sekunde 9 za digrii (sio sekunde za saa, ni digrii 1 iliyogawanywa vipande 3,600), yaani upana wa ukucha wa kidole kidogo ukiutazama kutoka mita 200 na ushee. Sema huku kuitikia sio ndugu halisi wa kule kwa rimu yetu, rimu inaitikia yenyewe kwa sababu uliiachia, dunia inaitikishwa na mwezi unaobadilisha namna ya kuivuta. Lakini miaka 20 kwa upana wa ukucha! Huyo mtu namheshimu.

Tukakaa kwenye kigogo pale nje, nikamwonyesha hesabu kwa kijiti mchangani. Presesheni inakisogeza Kilimia kwenye kalenda ya majira, kinachelewa kuonekana alfajiri kwa karibu wiki 2 kila miaka 1,000. Aliyelima hapa Ujiji miaka 1,000 iliyopita alikiona kikitangulia jua wiki 2 mapema kuliko sisi, na baada ya miaka 13,000 kitakuwa kinatokea kwenye majira ya kinyume kabisa.

Baba akakaa kimya akihesabu, akaniuliza babu angekuwa na miaka mingapi. Nikamwambia mwaka huu angetimiza 72. Akachukua kijiti akaandika mwenyewe, akagawanya, akafuta, akagawanya tena.

"Shangazi, tangu babu azaliwe kimechelewa siku moja."

Siku moja, na dakika kidogo. Mbingu ilikuwa imeshaanza kupauka na Kilimia kinafifia, akaingia ndani kufuata pia.